Diski ya Kwanza ni Ipi?

Kila mwaka inapokaribia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, chama chetu hurudia mjadala uleule: tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Tumeujadili ukumbini, tumeujadili kwenye kundi la simu, na kuna mwaka tuliujadili mpaka mlinzi akaja kutuzimia taa. Mimi nilikuwa upande wa tarakilishi. Leo naandika kuwaomba wanachama wenzangu na walimu wetu tuuweke kando mjadala huo, walau kwa mwaka mmoja, kwa sababu usiku mmoja wa Novemba nilifuta sauti ya bibi yangu nikiwa zaidi ya kilomita 20 kutoka ilipo kompyuta yenyewe, na nilifanya hivyo kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Shangazi yangu anakaa Deira, upande wa Naif. Kazi yake wengi wenu mnaijua kwa kuwa mama zenu na shangazi zenu wanaifanya pia: mteja wa Unguja au Dar es Salaam anamtumia picha ya kitu, yeye anakitafuta sokoni, anakifunga, anakipeleka kwa watu wa kago. Orodha za mizigo anaziweka kwenye kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni, kando ya televisheni. Tuliinunua ikiwa imeshatumika, kule Bur Dubai kwenye maduka ya kompyuta ya Barabara ya Khalid bin Al Waleed. Ndani yake mna diski mbili. Ndogo ni ya SSD, GB 256, na hiyo ndiyo yenye Windows. Kubwa ni ya aina ya zamani inayozunguka, TB 1, na hiyo ndiyo ghala letu: picha za harusi, risiti, orodha za mizigo, na kabrasha moja nililolipa jina la "Bibi".

Katika kabrasha hilo mlikuwa na rekodi 14. Mwaka 2019, nikiwa bado sekondari, nilikwenda Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa nikakaa na bibi barazani, simu katikati yetu, nikamwacha azungumze. Alizungumza Kimakunduchi, ambacho wenyewe hukiita Kikae, bila kulegeza chochote kwa ajili yangu. Nusu sikuielewa. Ndiyo maana nilirekodi. Bibi amekwishafariki, simu ile nayo ikafa, na rekodi zikabaki kwenye ile diski kubwa tu. Najua walimu wa isimu mnaosoma hapa mnashika vichwa. Shikeni tu, mna haki.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta ya shangazi ilitimiza masharti ya Windows 11, pamoja na kile kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho kimezifanya kompyuta nyingi nzima zionekane kuukuu. Nikaamua kutopandisha toleo juu ya lile la zamani, bali kuanza upya kabisa. Mafundi wa Kariakoo wana neno lao kwa kazi hii: kupiga window. Fundi hamwambii mteja kwamba atamsakinishia mfumo endeshi. Anamwambia, "Hii tunaipiga window." Nitarudi kwenye neno hilo.

Mwisho wa wiki niliandaa flashi, nikaiacha juu ya meza. Nilipanga kurudi Ijumaa inayofuata. Jumanne usiku, nikiwa bwenini Academic City na mtihani kesho yake, shangazi akapiga. Kompyuta ilikuwa imekwama kwenye kile kiduara kinachozunguka tangu alasiri. Orodha ya mizigo ilitakiwa asubuhi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, hii kitu yako inazunguka kama pia. Nifanyeje?"

Kupiga WhatsApp kwa sauti au kwa video hapa Dubai, kama mjuavyo, hakutegemeki, kwa hiyo tulikuwa kwenye simu ya kawaida. Ningeweza kumwambia apige picha ya skrini anitumie, maana picha hupita vizuri. Sikumwambia. Nilijiona najua skrini ina nini, kwa kuwa nimeshaiona mara nyingi. Nikamwambia achomeke flashi, azime, awashe huku akibonyeza F12. Akaweza. Akachagua flashi. Akaweza. Akapita ukurasa wa lugha, akapita masharti, akafika pale mfumo unapouliza uwekwe kwenye diski gani. Nikamwambia, kwa sauti ya mtaalamu: "Shangazi, chagua diski ya kwanza. Futa kila kilichomo kwenye diski ya kwanza. Ya pili usiiguse kabisa, ndiyo yenye vitu vyetu."

"Diski ya kwanza?"

"Ya kwanza."

Skrini ilikuwa imeandika diski 0 na diski 1. Shangazi, ambaye katika maisha yake yote ya kuhesabu marobota hajawahi kuanzia sifuri, akatafuta ya kwanza, akaiona imeandikwa 1, akaifuta. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika, kwa sababu mimi nilikuwa na uhakika.

Kilichotuokoa ni ubovu. Usakinishaji ulianza kwenye diski ile kubwa, ukaenda mpaka asilimia 31, ukakatika. Shangazi akanisomea namba ya hitilafu kama anayesoma namba ya mzigo: sifuri, eksi, nane, sifuri, sifuri, saba, sifuri, tano, saba, sifuri. Hitilafu 0x80070570 maana yake ni kwamba faili linalohitajika limeharibika au halipo. Chanzo huwa ni flashi, au upakuaji uliokatika njiani, na mara nyingine kumbukumbu ya RAM au diski yenyewe ya kompyuta. Nikamwambia anisomee ukubwa wa diski aliyoichagua. Akasema, "Mia tisa thelathini na moja."

Diski ya GB 256, Windows inavyohesabu, husomeka kama 238. Ya TB 1 husomeka 931. Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika simu bila kusema kitu, mpaka shangazi akaniuliza kama laini imekatika.

Nikamwambia aizime kwa kuchomoa waya ukutani, na asiiwashe tena kwa sababu yoyote. Hilo, angalau, nililisema sawasawa. Ukifuta sehemu ya diski, data haziondoki papo hapo. Kinachoondoka ni ile orodha inayosema nini kiko wapi. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Data hupotea kweli pale kitu kipya kinapoandikwa juu yake, na kwetu ule usakinishaji ulikuwa umeshaandika kiasi. Kama flashi ingekuwa nzima, ungeandika zaidi.

Alhamisi nilimpelekea diski fundi mmoja wa Mombasa mwenye meza yake ndani ya duka la simu huko Naif. Akaichomeka kwenye kompyuta yake kama diski ya ziada, akafungua programu ya bure iitwayo PhotoRec, ambayo haijali ile orodha iliyochanwa bali inapitia diski kipande kwa kipande ikitafuta kinachofanana na picha, waraka au sauti. Kila inachokipata inakiweka kwenye diski nyingine, kamwe si hiyohiyo. Ilichukua usiku mzima. Asubuhi tulikuwa na maelfu ya mafaili, yote yamepoteza majina, kila moja likiitwa herufi f na tarakimu nyingi mbele yake. Rekodi za bibi zilipatikana 11. Ya kumi na mbili nilikuwa nimemtumia mwalimu wangu kwa kazi ya somo la lahaja, na bado alikuwa nayo. Mbili hazipo. Katika moja ya hizo mbili bibi alieleza kazi ya kamba: namna makumbi yanavyofukiwa ufukweni, yanavyofukuliwa, yanavyopigwa, mpaka nyuzi zinasokotwa. Kila hatua na jina lake la Kikae. Niliisikiliza mara moja tu, mwaka ule ule wa 2019. Majina siyakumbuki.

Orodha za mizigo, kwa taarifa yenu, zilikuwa salama tangu mwanzo. Shangazi ana daftari.

Sasa, nimewaeleza wenzangu kadhaa kisa hiki na karibu wote wamekimbilia hitimisho moja: tatizo ni Kiingereza. Wanasema, kama skrini ingekuwa ya Kiswahili haya yasingetokea. Kuna ukweli hapo, na nitauanza kabla sijaupinga.

Juhudi za kuiswahilisha kompyuta si za jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP, na hata Windows 10 iliweza kuwekwa kwa Kiswahili. Lakini angalieni ilivyowekwa. Lugha kama Kiarabu, au Kiestonia chenye wasemaji wapatao milioni moja tu, ni lugha kamili za Windows: unaanza nazo tangu ukurasa wa kwanza wa usakinishaji. Kiswahili, ambacho UNESCO inasema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, kiliwekwa katika kundi la lugha zinazovalishwa juu ya lugha nyingine. Kwanza uliweka Kiingereza, kisha juu yake ukavalisha Kiswahili, kama kanzu juu ya suti. Siku kompyuta ilipokuwa nzima uliona kanzu. Siku ilipoanguka, kanzu ilibaki pembeni, na kilichokuuliza maswali usiku wa manane ni suti.

Hilo ni jambo la kudai, na mabaraza yetu yalidai. BAKITA ipo tangu 1967. Kama kuna chombo cha kubisha mlango huo ni hicho, pamoja na wenzao wa Zanzibar na wa Kenya.

Ila shangazi yangu hakukwamishwa na Kiingereza. Anajadili bei ya mita za ujazo na mawakala wa meli kwa Kiingereza, Kiarabu na Kihindi cha sokoni, na sijawahi kumwona akipunjwa. Alisoma kila neno kwenye skrini ile sawasawa. Kilichomkosesha ni maneno matatu ya Kiswahili safi niliyoyasema mimi: diski ya kwanza. Tungekuwa na Windows ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, skrini ingeandika "Diski 0", mimi ningesema "diski ya kwanza", naye angefuta ileile aliyoifuta.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na desturi ya chama chetu, desturi niliyokuwa naitetea. Sisi tumeifanya kazi ya Kiswahili cha teknolojia kuwa kazi ya nomino. Tunatafuta jina la kitu, tunalisanifisha, tunalipigia kura, tunarudi nyumbani. Nomino zote nilikuwa nazo usiku ule. Nilijua kabrasha, nilijua kiendeshi, nilijua nywila na nenosiri na ugomvi uliopo kati yao. Nilichokuwa sina ni uzoefu wa kumwongoza mtu kwa Kiswahili katika jambo ambalo kosa lake halirudi. Kazi hiyo kila siku huwa naifanya kwa Kiingereza, au kwa kunyang'anya kipanya nikasema, "Hebu nipishe."

Kuna jambo moja la kuchekesha kwenye skrini ile, nimeligundua baadaye. Mstari wake husomeka hivi: diski 0, sehemu ya 1. Diski zinaanzia sifuri na sehemu zinaanzia moja, katika mstari mmoja! Kompyuta kwa asili haihesabu vitu, inahesabu umbali kutoka mwanzo: kilichopo mwanzoni kabisa kiko hatua sifuri. Lakini aliyeandika sehemu aliamua kuhesabu kama binadamu. Kwa hiyo hata aliyesoma akabobea anapaswa kutazama mara mbili.

Wiki moja baada ya kisa, tulipokuwa tumeshapiga window vizuri kwa flashi nyingine, nilitaka kumweleza shangazi suala la sifuri. Nikaanza na habari za tarakimu za jozi. Akanikata. Nikabadilisha njia. Nikamuuliza, "Kwenye lifti yetu, ukitoka mlangoni kwenda ghorofa ya kwanza, unapanda au hupandi?"

"Napanda moja."

"Na pale mlangoni pameandikwa nini?"

"G."

"Hiyo G ndiyo diski sifuri."

Akanitazama. "Na ulishindwa kuniambia hivyo usiku ule?"

Jengo lake lina orofa nyingi, lifti anaipanda kila siku. Na kabla ya lifti za Deira, sisi ni watu tunaoita saa moja ile ambayo wenzetu wanaiita saa saba, na tunavuka kutoka hesabu moja kwenda nyingine bila kufikiri, hata kwenye tiketi ya ndege. Hakuna mtu aliyezoea zaidi kuambiwa kwamba namba iliyoandikwa siyo namba inayosemwa. Mfano ulikuwepo, lugha ilikuwepo, na mimi nilikuwa nikitoa amri kama msemaji wa uwanja wa ndege.

Nilisema nitarudi kwenye kupiga window. Katika darasa letu neno hilo likitajwa watu hucheka, na sahihi hutajwa kuwa ni sakinisha. Mimi sasa nayataka yote mawili, lakini si kwa sababu ile ya kidiplomasia ya kumpendeza kila mtu. Kupiga window ni neno sahihi kwa mteja, kwa sababu lina hatari ndani yake. Kitu kinapigwa, baada ya hapo hakiko kama kilivyokuwa. Mteja wa Kariakoo akisikia hivyo huuliza, "Na picha zangu?" Swali hilo ndilo linalookoa watu. Sakinisha ni neno pole, halimtishi mtu, na usiku ule mimi nililitumia. Shangazi hakuuliza kitu.

Lakini sakinisha nalo lina siri yake, na hapa Dubai siri hiyo iko mtaani. Kusakini ni kukaa, kuwa na makazi. Ni mzizi uleule wa Kiarabu ambao hapa unausikia kila mtu akiuliza habari za sakan, yaani malazi. Kusakinisha ni kumpa mtu mahali pa kukaa. Nilipomwambia shangazi hivyo alisema, "Basi ni mpangaji. Sasa mpangaji mpya unamleta bila kwanza kutoa vyombo vya mwenye nyumba?" Nimesoma fasili kadhaa za neno hili kwenye vitabu vyetu na hakuna iliyonifikisha hapo.

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza kwa istilahi zetu si ufasaha wala asili yake. Ni simu. Mtu mmoja ana kompyuta iliyokufa, mwingine yuko mbali haoni skrini, na kati yao kuna Kiswahili tu. Neno likivuka salama, tulitunze. Likishindwa, hata kama limepitishwa na kamati tatu, tulirudishe mezani.

Mwalimu mmoja tuliyezungumza naye alinipinga, na hoja yake ni nzito. Alisema hii ni kazi ya watu wa kompyuta, si ya wanafunzi wa Kiswahili; sisi tukianza kuandika mwongozo wa kurejesha diski tutaandika makosa na kuharibu mashine za watu. Ni kweli tunaweza kukosea. Mimi nimekosea, na nina diski ya kuthibitisha. Lakini wanafunzi wa kompyuta wa chuo hiki wanaotoka kwetu wanajua kazi na hawajui kuieleza kwa Kiswahili. Nimewauliza, wanasema wakifika katikati wanahamia Kiingereza. Sisi tunajua kueleza na hatuijui kazi. Wako ghorofa moja juu yetu. Na tafsiri tunayopewa kama zoezi muhula huu ni hotuba ya kibalozi ambayo tayari ina tafsiri tatu. Ningeomba walimu wafikirie kutupa badala yake ukurasa mmoja wa hitilafu, tuuandike upya kwa mtu wa Deira, na tuhukumiwe kwa kuona kama mtu huyo alifanikiwa.

Ukurasa wa kwanza ninao kichwani, na kwa kuwa nafasi ipo niutoe hapa kwa kifupi. Kabla ya kupiga window, fungua kasha la kompyuta na uchomoe diski yenye vitu vyako. Iliyo kabatini haifutiki. Kama ni ya mapajani na diski ni moja, nakili vitu vyako kwenye diski ya nje, kisha hiyo ya nje uichomoe pia. Tafuta kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, na kama imefungwa andika ule ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi, siyo ndani ya kompyuta unayokwenda kuifuta. Jaribu kwanza ile njia ya kuweka upya inayobakiza mafaili, ambayo mimi niliipita kwa majivuno. Faili ulilopakua lilinganishe na alama yake ya SHA-256 kabla ya kulitumia. Langu lilikuwa sawa, kwa hiyo nikajua mwenye kosa ni flashi. Na unapofika mbele ya orodha ya diski, usiseme ya kwanza wala ya pili. Taja ukubwa. Shangazi yangu anasoma tarakimu kutwa nzima. Ningemwambia "yenye 238, na ukiona 931 uikimbie", tusingekuwa hapa. Kama huoni skrini, omba picha. Kama picha haiji, subiri kesho. Mzigo ukichelewa siku moja meli nyingine ipo.

Rekodi zile 11 zilirudi bila majina, kwa hiyo jioni kadhaa sasa tunakaa sebuleni, tunafungua moja, tunasikiliza, shangazi anasema inahusu nini, na ninaandika. Anazielewa kuliko ninavyozielewa mimi. Kuna maneno anayoyasimamisha na kuyacheka, kisha ananieleza, na ninaandika hilo pia. Nakala sasa ziko sehemu tatu. Nimemuuliza kuhusu ile ya makumbi. Anakumbuka kazi, maana aliifanya akiwa mtoto, lakini baadhi ya majina anasema alikuwa akiyajua marehemu mama yake. Amempigia dada yake aliyeko Makunduchi. Dada naye anaulizia kwa wakubwa.

Mlezi wa chama amekubali tupate saa moja katika shughuli za mwezi wa Julai. Tutaweka kompyuta moja jukwaani, iliyoharibiwa makusudi, na mwanachama atakaa nje ya ukumbi na simu, amwongoze kwa Kiswahili mtu aliye mbele ya skrini. Anayetaka kushiriki aniandikie jina kabla ya mwisho wa mwezi. Shangazi amekubali kuwa ndiye mtu wa mbele ya skrini, kwa sharti moja: kompyuta isiwe yake.